Kuchakaa si Kuvunjika: Nafasi ya Kitenzi katika Istilahi za Kutengeneza Funguo za Kinanda cha Umeme Jijini Kigali

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi funguo za kinanda cha umeme zinavyoharibika na zinavyotengenezwa, kwa kuzingatia mazingira ya jiji la Kigali, ambako Kiswahili hukutana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza juu ya meza ya fundi. Hoja yake ni kwamba ukuzaji wa istilahi za ufundi umeelemea mno upande wa nomino, ilhali maarifa ya kutambua hitilafu yamo zaidi katika vitenzi. Kiswahili kina vitenzi hivyo tayari. Kinachokosekana ni kuvitambua kuwa istilahi, kuvifafanua na kuviingiza katika mafunzo na nyaraka za matengenezo.

Utangulizi

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu hapo mjadala wa wanataaluma umejikita katika ufundishaji shuleni, utumishi wa umma na biashara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Ufundi mdogo mdogo umetajwa kwa nadra. Hata hivyo, ni katika ufundi ndipo Kiswahili kilipoingia Kigali mapema na kwa uthabiti. Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ina historia ndefu ya wazungumzaji wa Kiswahili, na msamiati wa zana katika Kinyarwanda unashuhudia ujirani huo: msumari ni umusumari, pasi ni ipasi, na fundi amekuwa umufundi, ingawa neno hilo jijini Kigali humleta akilini kwanza mwashi, si mtu anayefungua redio.

Kinanda cha umeme kimechaguliwa hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni chombo cha kielektroniki ambacho thamani yake haishuki haraka kama ya simu. Kinanda cha miaka 15 kikitunzwa bado huongoza kwaya. Pili, wenye kukitumia si watu wa fani moja. Kinamilikiwa na parokia, makanisa ya kiroho, shule, bendi za harusi na wanafunzi wa muziki, na hubebwa kuvuka mipaka: kutoka Goma kuja Kigali, kutoka Kigali kwenda Bukoba au Kampala. Kikiharibika, mwenye chombo, fundi na muuza vipuri aghalabu hawana lugha moja ya kwanza. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na hapo ndipo hujulikana kama kinatosha au hakitoshi.

Jina la chombo na jina la sehemu yake

Neno kinanda lenyewe limesafiri. Asili yake katika pwani ni ala ya nyuzi, na Zanzibar na Lamu limetumika kwa gabusi. Baadaye lilipanuliwa likabeba ogani, piano na ala nyingine za kigeni, na taarabu ya kisasa iliposhika kasi katika miaka ya 1990 likawa jina la kawaida la chombo cha umeme kilichochukua nafasi ya safu nzima ya wapigaji. Kigali neno hilo linaeleweka, lakini linashindana na piano, jina linalotumika hata kwa chombo kisichokuwa piano kabisa, na kwa waliosoma kwa Kifaransa linashindana pia na majina ya lugha hiyo.

Ufunguo nao una bahati ya pekee. Kinyarwanda kina urufunguzo, na undugu wa maneno hayo mawili hauhitaji kuelezwa: yote yanatoka katika kitenzi cha kufungua. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kinyarwanda anayesikia “ufunguo wa kinanda” hapotei. Tatizo linaanza pale neno hilo moja linapolazimishwa kutaja vitu vinne: kibao cha plastiki kinachoguswa na kidole; bawaba au kamani inayokirudisha juu; ukanda wa mpira ulio chini yake; na alama iliyopo kwenye bodi ya sakiti ambayo mpira huigusa. Mteja husema ufunguo umekufa. Kinyarwanda kinafanya vivyo hivyo kwa gupfa, yaani kufa, kitenzi kinachotumika kwa gari, redio na simu. Fundi akiishia hapo hajui bado afungue nini.

Ufunguo unavyofanya kazi

Katika kinanda cha umeme ufunguo haugongi uzi wala kufungua hewa. Kazi yake ni kutoa taarifa. Chini ya kila ufunguo mna vikombe vidogo vya mpira vyenye vipande vya kaboni, na chini ya vipande hivyo mna njia za umeme kwenye bodi. Kidole kikishuka, kaboni huunganisha njia hizo na chombo hutambua kwamba sauti fulani imeitwa. Katika vinanda vinavyotofautisha mguso mzito na mwepesi, kila ufunguo una miguso miwili iliyopishana kidogo sana kwa urefu. Mmoja hufunga mwanzo, wa pili hufuata, na chombo hupima muda uliopita baina yao. Muda mfupi humaanisha kidole kilishuka kwa kasi, na sauti hutoka kubwa. Muda mrefu hutoa sauti ndogo. Katika mfumo wa MIDI, uliotangazwa mwaka 1983 na ambao vinanda vingi hadi leo huufuata, kasi hiyo huandikwa kwa ngazi 1 hadi 127.

Maelezo hayo yanafumbua jambo linalowatatiza wapigaji wengi. Ufunguo mmoja huanza kupayuka: kila ukiguswa, hata kwa upole, hutoa sauti ya juu kabisa. Mpigaji hudhani spika imeharibika. Ukweli ni kwamba vumbi au unyevu umeuchelewesha mguso wa kwanza, muda baina ya miguso miwili umepungua, na chombo kimesoma mguso mpole kama pigo. Mguso wa pili usipofunga kabisa, ufunguo huwa bubu. Hitilafu zote mbili chanzo chake kinaweza kuwa uchafu uleule, lakini mteja aliyesema “umekufa” ameshaificha ile ya kwanza, maana ufunguo unaopayuka haujafa.

Kuna pia hali ambapo funguo hunyamaza kwa mpangilio, tuseme kila ya sita au kila ya nane. Hapo ufunguo hauna kosa. Bodi huzisoma funguo kwa makundi, na kundi likikatika kwa sababu ya utepe wa waya uliochomoka, funguo zilizotawanyika hunyamaza pamoja. Fundi anayesikiliza vema huuliza ni ngapi na ziko wapi kabla ya kugusa bisibisi.

Kuchakaa

Kuchakaa ni mwenendo, si tukio. Kinanda cha funguo 61 kina funguo nyeupe 36 na nyeusi 25, lakini kwaya haizitumii kwa usawa. Oktava mbili za katikati hufanya kazi kubwa, na zile za ukingoni hukaa karibu mpya. Kaboni hulika, mpira hupoteza wepesi, kitambaa cha felti kinachopokea ufunguo unaposhuka hushindiliwa hadi ufunguo ukaanza kugota. Kigali ina vumbi jekundu la kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, na baada yake mvua za Septemba; vumbi lililoingia katika ukame hulowa na kuganda mvua zinapoanza. Chombo kinachokaa madhabahuni bila kufunikwa huyapata yote mawili.

Tiba ya kuchakaa kwa kawaida ni nafuu. Chombo huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, kisha hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa na skrubu za chini hufunguliwa. Busara ya mafundi ni kuzipanga skrubu kwa mfano wa mahali zilipotoka, kwa kuwa urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kupasua plastiki au kugusa bodi. Tepe za waya huchomolewa kwa kushika kichwa chake, si kwa kuvuta utepe. Bodi ya miguso ikishatolewa, ukanda wa mpira hubanduliwa taratibu, nao na njia za bodi husafishwa kwa alkoholi ya isopropili yenye maji kidogo sana, kwa pamba isiyoacha nyuzi. Petroli na thina hazifai, kwani hula mpira na plastiki. Vitakasa mikono vilivyozagaa tangu janga la UVIKO-19 navyo havifai, kwa sababu isiyoonekana kwa macho: fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina gliseroli ya kulainisha ngozi, nayo haikauki kama alkoholi, hubaki juu ya mguso kama utando.

Kaboni ikiwa imelika kiasi cha kutorudi kwa kusafishwa, ziko njia mbili za muda kabla ya kuagiza mpira mpya. Ya kwanza ni kupaka grafiti ya penseli laini, ambayo hupitisha umeme. Husaidia kwa wiki au miezi, kisha hufutika. Ya pili ni ya akili zaidi. Mikanda ya mpira hutengenezwa kwa vipande, kila kimoja kikihudumia takriban oktava moja, na vipande vinavyofanana huweza kubadilishana nafasi. Ule uliochoka wa katikati hupelekwa ukingoni, na ule wa ukingoni, ambao haujafanya kazi, huletwa katikati. Fedha ya kipuri haitumiki hata kidogo. Kwa kitendo hiki neno la kawaida ni kuhamisha mpira, na ni istilahi kamili, fupi na isiyohitaji mkopo wowote.

Kuvunjika

Kuvunjika ni tukio. Chombo kimedondoka kutoka kwenye pikipiki, mtoto amekanyaga, au ufunguo umepigwa kwa ngumi katika wimbo wa furaha. Kwa nje dalili ni wazi: ufunguo umezama, umeinuka upande mmoja, au unayumba. Ndani, mara nyingi kilichokatika ni shingo nyembamba ya plastiki iliyo nyuma, inayofanya kazi ya bawaba.

Hapa bei hupanda, na lugha hugharimu. Katika vinanda vingi vya bei nafuu ufunguo mmoja hauuzwi peke yake. Funguo za oktava zimeungana nyuma kama meno ya kitana: do, mi, sol na si kwenye kitana kimoja, re, fa na la kwenye kingine, na nyeusi kwenye cha tatu. Jino moja likikatika, kinachonunuliwa ni kitana. Katika vinanda vya bei ya juu kila ufunguo husimama peke yake na una kamani yake, na katika vile vinavyoiga uzito wa piano ufunguo huinua nyundo yenye uzani wa chuma. Anayeagiza “ufunguo” kwa simu kutoka Dar es Salaam au Nairobi bila kusema ni wa aina gani hujikuta na kitu kisichoingia.

Gundi nayo ina mipaka yake. Supagluu hushika mpasuko wa uso wa ufunguo, lakini shingo inayopinda maelfu ya mara kwa siku huikata tena, kwa sababu gundi hiyo ikikauka huwa ngumu na haipindi. Mafundi makini huchukua ufunguo kutoka chombo kingine kilichokufa, au, penye shida, huhamisha ufunguo mzima wa ukingoni kuja katikati. Uhamisho huo una sharti: maumbo ya funguo nyeupe hutofautiana kulingana na pale funguo nyeusi zinapopita, hivyo do huenda mahali pa do tu, na fa mahali pa fa.

Do ipi?

Sharti hilo linafungua mlango wa mgongano usiotajwa katika mijadala ya istilahi. Katika mapokeo ya Kifaransa, ambayo Rwanda na Kongo ziliyapokea kupitia Wabelgiji na wamisionari, do ni jina la sauti maalumu isiyobadilika. Katika mapokeo ya solfa yaliyoenezwa na wamisionari wa Kiingereza, yaliyotengenezwa na John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, do ni sauti ya kwanza ya wimbo, popote wimbo unapoanzia. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya zimelelewa katika mapokeo haya ya pili. Sauti ya saba nayo huitwa si katika mapokeo ya kwanza, na ti katika ya pili.

Chukua mpigaji aliyelelewa katika solfa na ambaye kwaya yake huimba zaidi katika ufunguo wa F. Akiwa Kigali na kinanda chake cha funguo 61, akasema kwa Kiswahili fasaha kwamba do ya katikati imevunjika, yeye anamaanisha ufunguo mweupe wa 18 kutoka kushoto. Fundi aliyesoma kwa Kifaransa husikia wa 15. Chombo kikiwa mezani jambo linamalizika kwa kidole. Chombo kikiwa Kirehe na fundi akiwa Kigali, akiagizwa kipuri kwa simu, hasara ni ya mteja. Wote wawili wamesema Kiswahili sahihi, na hakuna kamusi iliyowaonya. Kuhesabu funguo nyeupe kutoka kushoto huumaliza utata huo wote, na ni ajabu kwamba mwongozo mwepesi namna hiyo haujawekwa katika maandishi ya mafunzo. (Tanbihi ndogo inafaa hapa: hata “ufunguo wa F” katika sentensi iliyotangulia si kibao cha kubonyeza bali ni tonaliti, na msomaji aliyesita aliposoma ameonja tatizo lenyewe.)

Vitenzi kama istilahi

Kamati za istilahi zina desturi ya kuanza na orodha ya nomino za Kiingereza na kutafuta kisawe cha kila moja. Desturi hiyo imezaa matunda katika isimu na sheria, ambako dhana hukaa katika majina. Katika matengenezo hali ni tofauti. Fundi haanzi na jina la kipuri. Anaanza na dalili, na dalili ni kitenzi. Ufunguo unaonata hurudi polepole, na huashiria kinywaji kilichomwagika au grisi iliyoganda. Unaokwama haurudi, na huashiria kitu kilichoingia kati au kibao kilichopinda. Unaogota umepoteza felti. Uliolegea umepoteza kamani. Unaopayuka una mguso mchafu, unaofifia una kaboni iliyolika, unaonyamaza kwa vipindi una waya uliolegea au lehemu iliyopasuka. Kila kitenzi kinaelekeza mkono mahali pake.

Vitenzi hivi si vya kubuni. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anavyo. Baadhi vina ndugu wa karibu katika Kinyarwanda: kuvunika ni kuvunjika, na kitu kilichochakaa husemwa kwa gusaza, kitenzi kilekile cha kuzeeka, kama viatu vilivyozeeka. Tofauti ya mwenendo na tukio ipo katika lugha zote mbili. Linganisha na upande wa nomino: zana za kuunganishia metali zimeacha Kigali gusudira, kutoka Kifaransa, wakati Kiswahili kina kulehemu, na kijana aliyefunzwa baada ya mwaka 2008, serikali ilipoamua kuhamishia elimu kwenye Kiingereza, ana neno la tatu. Katika nomino kila kizazi kina bendera yake. Katika vitenzi vya dalili maelewano ni makubwa zaidi, na kazi ya usanifishaji ingepata upinzani mdogo kama ingeanzia huko.

Kuna pingamizi la kuzingatiwa. Kitenzi cha kawaida hubeba maana nyingi, na istilahi hutakiwa kubeba moja. Kulika kwa kaboni na kulika kwa chakula ni mbali. Lakini pingamizi hilo linazigusa nomino pia. Risasi ni metali, ni ya bunduki, ni ya penseli na ni ya kulehemu, na hakuna fundi aliyewahi kuchanganya. Muktadha wa kazi hubana maana. Kinachohitajika ni fasili iliyoandikwa: kunata, kwa funguo, ni kurudi kwa kuchelewa, kukwama ni kutorudi.

Athari kwa sera

Tofauti kati ya kuchakaa na kuvunjika ina uzito wa kifedha kwa taasisi. Shule yenye vinanda sita, orodha yake ya mali ikiwa na nafasi mbili tu, kizima na kibovu, itaandika kibovu kwa chombo chenye ukanda wa mpira uliochafuka sawasawa na kwa chombo chenye bodi iliyoungua. Kilichoandikwa kibovu huingia stoo, na kutoka stoo huenda kwenye taka. Rwanda imejenga kituo cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, hatua inayostahili sifa, lakini kuchakata hurejesha shaba na plastiki, si chombo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la kuhimiza matengenezo ya bidhaa badala ya kuzitupa. Mjadala wa namna hiyo ukifika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, utahitaji lugha ya kueleza hitilafu inayotengenezeka na isiyotengenezeka, na lugha hiyo haitaandikwa na wanasheria peke yao.

Washauri wa sera wanaweza kuanza na mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Fomu ya kupokea chombo kwa matengenezo iwe na dalili kwa vitenzi, kwa Kiswahili na Kinyarwanda sambamba, pamoja na nambari ya ufunguo kutoka kushoto. Orodha ya mali ya shule itenganishe kilichochakaa, kilichovunjika na kilichoungua, kwa kuwa cha kwanza mara nyingi hutengenezwa kwa gharama ya alkoholi na saa mbili za kazi, cha pili huhitaji kipuri, na cha tatu huhitaji uamuzi. Shule za muziki, mfano ile iliyoanzishwa Nyundo mwaka 2014, na vyuo vya ufundi stadi vingeweza kushirikiana katika somo moja fupi la matunzo, maana hadi sasa mpigaji hufundishwa kupiga na fundi hufundishwa sakiti, na ufunguo uko katikati yao bila mwalimu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo inayofaa kuratibu fasili hizo. Mkutano wake wa kwanza juu ya jambo hili ungefaa ufanyike mbele ya kinanda kilichofunguliwa, mafundi wakiwa wamealikwa kwanza na wanakamusi wakiwa na madaftari.